Buriani kwa Vibanda vya Kirimara

Miongoni mwa jumuiya za wapenda safari zilizowahi kuasisiwa katika nchi ya Kenya, ni chache zilizomiliki vitu haba na kuacha athari kubwa kama ule udugu wa wapanda milima ambao, tangu miaka ya 1920, uliufanya upande wa mashariki wa Mlima Kenya, katika nchi ya Wameru na jirani zao Waembu, kuwa ndio mlango wake wa kuingilia mlimani. Rasilimali yake katika upande huo ilikuwa njia moja iliyokatwa ndani ya msitu, vibanda vichache vilivyofuatana kutoka ukingo wa miti hadi ukingo wa barafu, na desturi isiyoandikwa popote kwamba afikaye jioni na mzigo wake, awe ni nani na atokako kuwe ni wapi, hupishwa mahali pa kulaza ubavu. Njia ingalipo, vibanda ama vimekwisha ama vinakwisha, na wale waliolala humo katika ujana wao wanapungua mwaka hata mwaka. Ni wajibu wetu, basi, kuiandika historia ya udugu huo ingali inaandikika, na kuwaaga masahibu wake kwa taadhima inayowastahili.

Wala haifai kuianza historia hii kwa wageni. Mlima ulikuwa na watu wake karne nyingi kabla chama chochote cha wapanda milima hakijafikiriwa. Wameru wanauita Kirimara, na Waembu wanauita kwa jina linalokaribiana na Kirinyaga la Wakikuyu. Na watu wa Imenti, wa Mwimbi, wa Chuka na wa Embu walikuwa wakiingia msituni kutundika mizinga ya nyuki, kuwinda, kukata mianzi na kuchimba dawa, wakifuata mapito ya tembo, ambayo ndiyo yaliyokuwa barabara za kwanza za mlima huu. Kuikanyaga barafu ya juu hakukuwa miongoni mwa haja zao, kwa kuwa kilele kilikuwa ni kao tukufu la Mwenyezi Mungu, mahali pa kuelekewa kwa dua wala si mahali pa kuendewa kwa fahari. Ujuzi wao wa msitu, wa mito na wa hali ya hewa ndio mtaji ambao kila msafara uliokuja baadaye ulikopa, na aghalabu mkopo huo haukuandikwa katika daftari.

Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona mlima huu alikuwa mmisionari Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, naye aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Samuel Teleki wa Hungary alipanda miteremko yake mwaka 1887, na mwanajiolojia J. W. Gregory akafika kwenye barafu mwaka 1893. Kisha ukaja msafara wa Halford Mackinder, ambao tarehe 13 Septemba 1899 ulikifikia kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kilicho kirefu kuliko vyote. Msafara ule ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai wawili waliokuwa viongozi wa njia. Majina ya César Ollier na Joseph Brocherel, mafundi wa milima waliotoka katika milima ya Alps na kupanda pamoja na Mackinder, hayakosekani katika kitabu chochote cha taarikhi ya mlima huu, na kwa haki hayakosekani. Lakini wale Waswahili 66, ambao walisafirisha vyakula, mahema na ala za kupimia, na ambao bila mabega yao kilele kisingefikiwa, wamebaki ni hesabu tu. Jambo hilo nalitaja mapema kwa makusudi, kwa sababu litafuatana nasi hadi mwisho wa habari hizi.

Mlango wa mashariki ulifunguliwa na tukio ambalo asili yake haikuhusu milima hata kidogo. Mwezi wa Oktoba 1922 misheni ya Kanisa la Scotland ilianzishwa Chogoria, katika nchi ya Mwimbi, chini ya uongozi wa Daktari Clive Irvine, naye akaweka hapo msingi wa hospitali, shule na kanisa ambavyo vimedumu hadi leo. Mkwewe, Ernest Carr, alikuwa tajiri wa Nairobi aliyeitolea misheni ile mali nyingi, na alikuwa pia mtu wa mlima kwa mapenzi ya dhati. Kabla ya hapo, mwaka 1920, Daktari John Arthur wa misheni ya Kikuyu alikuwa amejaribu pamoja na Sir Fowell Buxton kukata njia ya kupandia kutoka kusini, na wengine walijaribu kuingilia Nanyuki kwa upande wa kaskazini. Lakini njia iliyotamalaki ni ile iliyofunguliwa na Carr kutoka Chogoria, kwa kuwa ilianzia kwenye maskani ya watu, penye hospitali na chakula, na penye vijana wenye nguvu waliokuwa tayari kuchukua mizigo kwa ujira. Carr ndiye aliyejengesha vibanda viwili vya mwanzo: cha Urumandi, kwenye ukingo wa juu wa msitu, na kile kilichoitwa Top Hut, kando ya barafu ya Lewis. Maziwa madogo yaliyo katika bonde la Hobley yanaitwa kwa jina lake hata leo.

Yafaa tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua, maana bila kuijua njia haiwezekani kuijua taasisi iliyoishi juu yake. Msafiri aliyetoka Nairobi aliufikia mji wa Embu kwanza, na huko, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wengi walipumzika katika hoteli ya Izaak Walton, iliyopewa jina la yule Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu kilichopendwa mno juu ya uvuvi wa ndoana. Jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Samaki aina ya trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, na katika miaka ya 1930 Raymond Hook na Humphrey Slade, waliokuwa wakiupima mlima na kuuchora ramani, waliwatia samaki hao katika vijito kadhaa vya mlima huu. Hivyo wavuvi na wapanda milima wakawa ni aila moja ya wasafiri, wakiulizana habari za maji, za mvua na za njia. Kutoka Embu barabara ya kale ilipita Runyenjes na Chuka, ikiteremka na kupanda katika mabonde yaliyochimbwa na mito itokayo mlimani, kama Ena, Thuci, Ruguti na Nithi, na katika majira ya masika ilikuwa ni mtihani wa subira kabla ya mtihani wa miguu.

Chogoria ndipo mizigo ilipogawanywa. Njia iliacha nyuma mashamba, ikaingia katika msitu wa miti mikubwa, muuru na mizaiti, kisha katika ukanda wa mianzi, ambamo mwanga hufifia na ardhi haikauki, na mwenye kutangulia hupiga kelele makusudi ili nyati na tembo wapate kusikia na kujitenga. Juu ya mianzi hutokea miti ya Hagenia yenye kuning'inia ndevu za kijivujivu, na baada yake uwanda ulio wazi, kwenye kimo cha mita zipatazo 3,000, ambapo Urumandi ilikaa. Hapo msafiri alilala usiku wake wa kwanza katika baridi ya kweli. Siku ya pili alitembea katika majani magumu ya nyika za juu, kati ya lobelia zilizo ndefu kuliko mtu na senecio zenye mashina kama nguzo, akifuata mgongo wa mlima ulio juu ya bonde la Gorges, ambalo ni miongoni mwa mabonde ya kustaajabisha zaidi katika Afrika ya Mashariki: chini yake ziwa Michaelson, kandokando kuta za mawe zishukazo wima, na mto Nithi ukianza safari yake kwa maporomoko. Kwenye vidimbwi vya Hall, zaidi ya mita 4,200 juu ya bahari, kilijengwa baadaye kibanda cha Minto, na kutoka hapo ilibaki kupanda changarawe zile za kuteleza hadi Top Hut, karibu mita 4,800, ambapo kilele cha Lenana chenye mita 4,985 hakiko mbali tena, na ambapo wenye kamba na ujuzi walilala wakingojea alfajiri ili kuuvaa mwamba wa Nelion na Batian.

Mwaka 1929 ndio uliokuwa mwaka wa baraka katika historia hii. Eric Shipton, kijana aliyekuwa amekuja Kenya kufanya kazi ya shamba, na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali, walikwenda Chogoria, wakaajiri wapagazi wa huko, wakapanda kwa njia ya Carr, na tarehe 6 Januari 1929 wakawa watu wa kwanza kukikanyaga kilele cha Nelion, chenye mita 5,188, kisha wakavuka pengo liitwalo Lango la Ukungu na kuifikia Batian, ambayo haikuwa imefikiwa na mtu tangu siku ya Mackinder, miaka 30 nyuma. Siku mbili baadaye walirudi kileleni pamoja na mwenzao G. A. Sommerfelt. Katika mwaka huohuo iliasisiwa Mountain Club of East Africa, chama cha wapanda milima wa Afrika ya Mashariki, kilichowaunganisha wapenzi wa Mlima Kenya na wapenzi wa Kilimanjaro chini ya bendera moja, na mwaka 1932 kikatoa jarida lake liitwalo Ice-Cap. Mwishoni mwa Julai 1930 Shipton na Bill Tilman waliwatangulia watu wote kuvipita vilele viwili kwa kupanda upande mmoja na kushukia wa pili. Safari hiyo iliimarisha usuhuba wao uliowafikisha hadi milima ya Himalaya.

Lakini chama si mashujaa wake peke yao. Pamoja na hao walikuwapo watu wasiokuwa na haja ya kuvunja rekodi yoyote, waliopanda ili wapate kukaa. Mwandishi Vivienne de Watteville alikaa katika upande huu wa mlima mwishoni mwa miaka ya 1920, akiwa na ndege, maua na upepo kuwa ndio waandani wake, na kitabu chake kiitwacho Speak to the Earth, kilichotolewa mwaka 1935, kimewafunza wasomaji wa nchi za mbali kwamba mlima waweza kupendwa bila kushindwa. Maporomoko ya mto Nithi katika bonde la Gorges yanaitwa kwa jina lake. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa roho ya vibanda vile: asiye na haraka, mwenye kuandika, mwenye kumwachia ajaye kuni zaidi ya alizozikuta.

Mwezi Februari 1938 ukatokea msafara ambao, kwa maoni yangu, ulistahili kukumbukwa kuliko yote iliyofuata hata vita vya pili vya dunia. Pamoja na Noel Symington walipanda Nelion watu wawili: Bibi C. Carroll, akawa mwanamke wa kwanza kufika huko, na Mtu Muthara, akawa Mwafrika wa kwanza. Tarehe 5 Machi ya mwaka ule Bibi Una Cameron akawa mwanamke wa kwanza kufika Batian. Mtu Muthara hana kitabu, hana ziwa, wala hana poromoko la maji liitwalo kwa jina lake, ijapokuwa Muthara ni jina lisikikalo hadi leo katika nchi ya Wameru. Kupanda Nelion si kutembea; ni kuning'inia kwenye mwamba kwa vidole katika baridi ikatayo pumzi, juu ya shimo la mamia ya mita, na wakati ule hapakuwa na shule ya kumfunza Mwafrika kazi hiyo wala chama cha kumkaribisha kama mwanachama. Aliyoyajua aliyajua kwa kutazama, na aliyoyathubutu aliyathubutu kwa moyo wake mwenyewe. Ikiwa taasisi hii ina baba wawili, basi Carr aliyeikata njia ni mmoja, na Muthara aliyethibitisha ni nani mwenye haki ya kuifikisha mwisho ni wa pili.

Vita vilipunguza safari, ila havikuzikomesha. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka kambi ya Nanyuki wapate tu kuupanda mlima, wawili wao wakafika Lenana, kisha wote wakarudi kambini kwa hiari yao. Na mwaka 1944 Arthur Firmin na Peter Hicks waliupanda uso wa kaskazini wa Batian. Baada ya amani ukaja mwaka 1949, mwaka wa mabadiliko mawili makubwa. Wanachama wa Kenya walijitenga na chama kikuu cha Afrika ya Mashariki, wakaunda Mountain Club of Kenya. Na eneo la mlima lililo juu ya mita 3,400 likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Baada ya mabadiliko hayo barabara ilitengenezwa kutoka Naro Moru, upande wa magharibi, hadi kwenye nyika za juu, na mtu aliyekuwa na siku chache za likizo akaweza kufika karibu na barafu kwa nusu ya taabu ya zamani.

Hapo ndipo kushuka kwa upande wa mashariki kulipoanza, na insafu yatulazimu kukiri kwamba hakukuwa na hiana ndani yake. Njia fupi humvuta msafiri, na hapana wa kulaumiwa kwa kuifuata. Lakini jambo la pili lilikuwa zito kuliko barabara. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na mwaka uliofuata misitu ya Mlima Kenya ikawa eneo la marufuku. Watu wa vijijini walilazimishwa kuchimba handaki la makumi ya maili kwenye ukingo wa msitu ili kuwatenga wapiganaji na chakula. Msituni walikuwamo watu wa Jenerali China, aliyeuongoza upande wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Alikuwamo Jenerali Kubukubu wa Embu. Na alikuwamo Field Marshal Musa Mwariama wa Meru, ambaye alitoka msituni uhuru ulipopatikana. Kwa miaka ile mianzi iliyowahi kupitwa na watalii wenye mifuko ya chakula ilikuwa maskani ya watu waliokula mizizi na asali ili nchi yao iwe yao. Historia ya vibanda haiwezi kuipita habari hii kimya, kwa maana ni mlima uleule, na ujuzi uliowaweka hai wapiganaji ni uleule uliowapitisha wapanda milima: ujuzi wa wana wa Chuka, Mwimbi, Imenti na Embu.

Msitu ulipofunguliwa tena, chama kilirudi katika kazi yake kwa bidii. Oktoba 1959 kilitoa kitabu chake cha kwanza cha kuwaongoza wapandaji wa Mlima Kenya na Kilimanjaro, kilichokusanya katika jalada moja maarifa ya miaka 30: vijito vinavyokauka na visivyokauka, mawe yanayoshikika na yanayodanganya, saa za kuondoka na saa za kurudi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya mlimani, na kwa tendo hilo mlima uliokuwa umehesabiwa kuwa uwanja wa wachache ukadaiwa kuwa urithi wa taifa zima. Alipofariki mwaka 2007 alizikwa kwa heshima za shujaa, Rais Mwai Kibaki akihudhuria.

Udugu wa wapanda milima ulipata mtihani wake mkubwa Septemba 1970, pale daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alipoanguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz hakumwacha. Wanachama wa Nairobi walipanda kumsaidia, rubani wa helikopta Jim Hastings akapoteza maisha yake katika juhudi hizo, na waokoaji wakasafiri kwa ndege kutoka Austria hadi wakamfikia na kumshusha akiwa hai, baada ya zaidi ya wiki moja juu ya mwamba. Kutokana na masaibu hayo zilipatikana neema mbili: kikosi cha uokoaji cha hifadhi, kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kibanda kilichojengwa kwa ihsani ya Waaustria jirani na Top Hut, ambacho hadi leo kinaitwa Austrian Hut. Kilipokamilika hicho, kile kizee cha Carr kilianza kustaafu.

Kisha mambo yalikwenda kwa utaratibu wa dunia. Karibu na lango la Chogoria, kwenye kimo cha mita 2,950 hivi, yalijengwa mabanda ya mbao yenye meko, mazuri na ya starehe kuliko Urumandi, na wageni wakayapendelea, nao walikuwa na haki. Hema nyepesi za kisasa zikamwezesha kila mtu kubeba nyumba yake mgongoni. Shirika la wanyamapori la taifa likashika usimamizi wa hifadhi, na mwaka 1997 mlima ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Yote hayo ni maendeleo, na katika kila hatua haja ya kibanda cha chama ilipungua kidogo. Urumandi haipokei wageni tena. Minto imechakaa, ikawa hifadhi ya wapagazi tu wanapokimbia mvua. Top Hut imefungwa. Wanachama wangali wapo Nairobi na wangali wanapanda, na Mwenyezi Mungu awazidishie afya. Ila ile jamii iliyokuwa na nyumba zake katika mgongo wa mashariki, iliyoanzia Chogoria na kuishia kwenye barafu, imekwisha kufunga safari yake.

Na barafu yenyewe inaondoka. Mackinder aliikuta mito 18 ya barafu mwaka 1899. Mwaka 1986 ilibaki 11. Ile iliyopewa jina la Gregory imetoweka, na ya Lewis, ambayo Top Hut ilijengwa kando yake, imenywea hata hakuna mzee wa chama awezaye kuitambua kwa picha alizozipiga ujanani. Shirika la hali ya hewa ulimwenguni lilitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba katika miaka ya 2030 mlima huu huenda ukawa miongoni mwa milima ya mwanzo duniani kupoteza barafu yake yote kwa sababu ya joto lililoletwa na matendo ya wanadamu. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la nyika za juu. Wakulima wa Embu, wa Tharaka-Nithi na wa Meru, ambao maji ya mashamba yao hutoka mlimani, hawakupata kuona fahari ya kupanda kwa kamba, lakini hasara hii ni yao kuliko ilivyo ya mpanda mlima yeyote; kwao kulinda msitu unaotega mvua na ukungu ni jambo la uhai.

Ni nini, basi, kilichokuwa thamani ya taasisi hii? Si mbao wala mabati, kwa kuwa hayo yameoza na mlima haukupungua. Si rekodi za vilele, kwa kuwa kila rekodi imekwisha kuzidiwa. Thamani yake ilikuwa kwamba, katika zama ambazo sheria ya nchi iliwatenga watu katika hoteli, katika shule na katika mabehewa ya garimoshi, njia ya Chogoria iliwalazimisha Mzungu wa Nairobi na kijana wa Mwimbi kutegemeana kwa chakula, kwa moto na kwa roho zao, siku tano au sita mfululizo. Usawa ule haukuwa kamili, na atakayedai ulikuwa kamili atakuwa amewadhulumu wapagazi. Ujira ulikuwa mdogo, mablanketi yalikuwa haba, na usiku wa Top Hut aliyelala karibu na mlango hakuwa mgeni. Lakini ndani ya kutegemeana huko alizaliwa Mtu Muthara wa Nelion, na baada yake vizazi vya viongozi wa mlima ambao leo hii, wanaume kwa wanawake, wanawapeleka wageni wa mataifa yote juu ya mgongo uleule, kwa maarifa yao wenyewe na kwa jina lao wenyewe. Huo ndio urithi uliotoka katika vibanda ukavishinda umri.

Upungufu wake nao tuutaje, kwa kuwa makala ya kuaga isiyotaja upungufu haiaminiki. Chama kiliandika sana, na kwa hilo tunakishukuru. Ila kiliandika majina ya waliofika na kuwasahau waliowafikisha. Tunajua tarehe aliyofika Shipton, ila hatujui ni nani aliyempikia chai Chogoria asubuhi ya kuondoka, wala ni nani waliobeba kamba zake katika mianzi. Vilele vikuu vinaitwa kwa majina ya malaibon, yaani viongozi wa dini wa Kimasai, maziwa na maporomoko kwa majina ya wageni, na hakuna hata kijito kimoja kinachomtaja mpagazi wa Meru au wa Embu. Upungufu huo waweza kutengenezwa, na wakati wa kuutengeneza si mrefu.

Kwa hiyo naleta ombi, na naliweka mbele ya wale wenye uwezo wa kulitimiza. Kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu, ambazo baina yao zinagawana miteremko hii, ziwatafute wazee wa Chogoria, wa Chuka, wa Runyenjes na wa Nkubu waliowahi kubeba mizigo na kuongoza misafara, zirekodi masimulizi yao kwa Kimeru, kwa Kiembu na kwa Kiswahili, na kuyahifadhi katika maktaba za umma. Kanisa na hospitali ya Chogoria, ambazo mwaka 2022 zilitimiza karne moja tangu misheni ilipoanzishwa, zifungue makabati ya kumbukumbu zao za miaka ya 1920 na 1930. Wapanda milima wa Nairobi wapekue majarida yao ya zamani na kuandika upya orodha za misafara, wakiongeza kila jina la mpagazi litakaloonekana. Walimu wa shule zilizo kwenye ukingo wa msitu wawape wanafunzi kazi ya kuwauliza babu na bibi zao. Na mamlaka za hifadhi, zitakapokiondoa kibanda cha mwisho, ziweke mahali pake jiwe moja lenye majina, na jina la kwanza juu ya jiwe hilo liwe Mtu Muthara.